Mtoto akiwa meya kwenye simu, mzazi amuulize nini?

Jua likishazama nyuma ya vilima vya Kimuli, wilayani Kyerwa, kila mtu nyumbani ana kazi yake. Ndizi zinamenywa, mbuzi wanafungiwa, na simu iliyopelekwa kuchajiwa imesharudi. Nusu saa baadaye simu hiyo haiko tena kwa mwenyewe. Iko kwa mtoto wa darasa la tano aliyekaa kizingitini, kidole kinakwenda mbio kwenye kioo. Anajenga mji.

Chukua mfano wa mama mmoja mwenye mtoto wa namna hiyo.

"Mama, watu wangu wamekasirika."

"Watu gani tena?"

"Wa mjini kwangu. Wako 3,200, na sasa wameanza kuhama."

"Umewafanyia nini?"

"Nimepandisha kodi kidogo. Nataka kujenga uwanja wa ndege."

"Na maji wanayo?"

Mtoto ananyamaza. Anasogeza picha upande huu, anaisogeza upande ule. "Mtaa wa huku hawana," anajibu kwa sauti ya chini.

Mama huyo hajawahi kucheza gemu hata siku moja. Lakini swali lake limefika mahali ambapo mtoto, pamoja na wepesi wote wa vidole vyake, hakuwa amefika. Mzazi wa namna hiyo hana haja ya kuziogopa gemu za kujenga miji. Hana sababu pia ya kuziacha zimfundishe mtoto peke yake, kwa sababu kuna mambo zinayafundisha vizuri na kuna jambo moja kubwa zinaliacha.

Zilianza na mabomu

Mwaka 1984 Mmarekani Will Wright alitengeneza gemu ya vita. Mchezaji alirusha helikopta na kupiga mabomu visiwa vya adui. Ili kuchora visiwa hivyo, Wright alijitengenezea programu ya kupanga barabara na majengo. Akagundua kwamba kuvijenga kulimpa raha kuliko kuvibomoa. Akaanza kusoma vitabu vya wataalamu wa mipango miji, na mwaka 1989 ikatoka SimCity, gemu ambayo mchezaji wake ni meya.

Miaka miwili baadaye Mmarekani mwingine, Sid Meier, alitoa Civilization. Humo mchezaji hapewi mji mmoja bali taifa zima, kuanzia kijiji cha kwanza hadi zama za roketi. Mwaka 2015 kampuni ndogo ya Finland iitwayo Colossal Order ilitoa Cities: Skylines kwa ajili ya kompyuta. Kwenye simu, watoto wengi wanazijua SimCity BuildIt, iliyotoka mwaka 2014, na TheoTown, ambayo inachezeka hata bila intaneti.

Zinatofautiana kwa sura, lakini kanuni yake ni moja. Unapewa ardhi na fedha kidogo. Unatenga maeneo ya makazi, ya biashara na ya viwanda. Unaleta umeme, maji na barabara. Watu wanahamia wenyewe, wanalipa kodi, na kodi hiyo ndiyo unayojengea zaidi. Wakiridhika wanaongezeka. Wakichukia wanafunga mizigo.

Katika SimCity ya kwanza kodi ilianza na asilimia 7. Meya aliyeipandisha sana alisikia manung'uniko, kisha akaona nyumba zinabaki tupu. Aliyeishusha sana alipendwa, ila barabara zilibomoka na polisi wakakosa fedha. Mtoto anayecheza anakutana na hesabu ambayo kila halmashauri inaijua: wananchi wanataka huduma, na huduma zina gharama.

Furaha inahesabiwaje?

Katika Civilization ya mwanzo, kila mji ulionyesha wakazi wake kwa sura ndogo ndogo. Wako waliofurahi, wako walioridhika, wako waliochukia. Waliochukia wakizidi waliofurahi, mji unaingia kwenye vurugu: uzalishaji unasimama na kodi haikusanywi.

Humo kuna kanuni ambayo mzazi anaweza kuitumia katika mazungumzo. Wakazi wachache wa kwanza wanazaliwa wameridhika. Kuanzia idadi fulani, kila anayeongezeka anazaliwa amechukia. Kwa maneno mengine, ukubwa wenyewe unaleta kero. Kijiji cha kaya chache kinaweza kuishi kwa kisima kimoja na mzee mmoja wa kuamua migogoro. Kikishakuwa mji, yaliyotosha jana hayatoshi tena.

Dawa ziko za aina tatu. Unaweza kujenga vitu vya watu wote, kama hekalu na soko. Unaweza kuwaletea watu vitu vya starehe. Au, chini ya baadhi ya serikali, unaweza kuweka askari mjini ili watu watulie. Mtoto akichagua hiyo ya tatu, mzazi asikimbilie kumgombeza. Amuulize tu: "Hawa wametulia au wanaogopa?"

Katika vitu vya starehe Afrika Mashariki imo. Kwenye Civilization VI, iliyotoka mwaka 2016, Zanzibar ni mji unaojitegemea. Mchezaji anayejenga nayo urafiki kuliko wenzake wote anapata karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo hazipatikani popote kwingine katika gemu hiyo. Bidhaa ya kawaida ya anasa inaridhisha miji 4. Karafuu inaridhisha 6, na mdalasini 6. Katika toleo la saba, lililotoka Februari 2025, Buganda, majirani wa Kagera, ni mojawapo ya mataifa ambayo mchezaji anaweza kuyaongoza. Toleo hilo nalo lina onyo lake: lina kikomo cha idadi ya makazi, na mtawala anayekimbilia kuanzisha mapya kupita kikomo anaona furaha inashuka kila mahali, hata kwenye miji yake ya zamani.

Mtoto wa Kagera anaweza kuulizwa: gemu ingekuwa ya kwetu, kitu cha starehe kingekuwa nini? Si vigumu kukisia jibu. Msimu wa senene ukifika, hata nyumba iliyokuwa imenuniana inakaa pamoja kung'oa mbawa.

Wimbi linalorudi

Cities: Skylines ina tatizo moja ambalo wachezaji wake wote wanalijua. Meya mwenye pupa anatenga eneo kubwa la makazi kwa siku moja. Watu wanahamia kwa maelfu, wengi wao wa rika moja. Mji unanawiri na fedha zinaingia. Baada ya miaka mingi ya ndani ya gemu, watu wale wanazeeka pamoja na kufa pamoja. Magari ya kubebea maiti hayatoshi, makaburi yanajaa, nyumba zinahamwa. Meya anashangaa, "Nimekosea nini leo?" Leo hakukosea lolote. Alikosea siku ile aliyofurahia.

Wazazi wa Tanzania wameliona wimbi la namna hiyo, ila la heri. Januari 2016 elimu bila ada ilipoanza, walioandikishwa darasa la kwanza waliongezeka ghafla. Lilikuwa jambo jema, lakini wimbi halikuishia darasa la kwanza. Lilipanda nao mwaka hadi mwaka. Mwaka 2022 watoto wale walikuwa darasa la saba, na Januari 2023 wakabisha hodi kidato cha kwanza. Ili kuwapokea, Serikali ilijenga madarasa 8,000 ya sekondari katika miezi ya mwisho ya 2022.

Hilo ni somo ambalo gemu inalifundisha vizuri kuliko ubao: uamuzi wa leo una mgeni wake atakayefika baada ya miaka saba. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923. Ile ya 2022 ilihesabu 61,741,120. Katika miaka 10 wameongezeka karibu milioni 17, na kila mmoja anahitaji mahali pa kulala, maji, dawati, na baadaye kazi.

Mji wa watu milioni 6 wasiofika miaka 50

Kuna upande mwingine ambao mzazi anapaswa kuujua. Mwaka 2010 mwanafunzi wa usanifu majengo kutoka Ufilipino, Vincent Ocasla, alionyesha mji alioujenga ndani ya SimCity 3000. Aliuita Magnasanti. Alikuwa ametumia miaka kadhaa kuupanga, kwa hesabu alizozifanya kwanza kwenye karatasi. Mji huo ulikuwa na watu milioni 6, kiwango ambacho wachezaji wengi hawakudhani kinafikika.

Kwa takwimu za gemu, Ocasla alishinda. Lakini wakazi wa Magnasanti walikuwa wanakufa wakikaribia umri wa miaka 50. Hewa ilikuwa chafu. Hapakuwa na barabara, watu walisafiri kwa treni za chini ya ardhi tu. Shule na hospitali ziliondolewa kwa sababu zilikula nafasi. Polisi walikuwa kila kona. Hakuna aliyeandamana na hakuna aliyehama.

Ocasla aliufanya mji huo kwa makusudi, uwe onyo. Alitaka kuonyesha kinachotokea pale ambapo lengo pekee ni namba kupanda. Gemu yenyewe haikumzuia. Ilimpa alama zake zote.

Hapo ndipo hatari halisi ya gemu hizi ilipo, na haimo kwenye simu yenyewe. Mtoto anayecheza bila mtu wa kuzungumza naye anaweza kuzoea kuwaona watu kama namba ya kijani inayopanda na namba nyekundu inayoshuka. Anaweza kubomoa mtaa mzima wa makazi kwa kidole kimoja ili barabara ipite, na hakuna mzee atakayetoka mlangoni kuuliza kaburi la baba yake litahamishiwa wapi. Hakuna fidia ya migomba. Hakuna anayelia.

Ambacho gemu haina

Katika karibu gemu zote hizi, meya anaamua peke yake. Hachaguliwi, au akichaguliwa ni kwa jina tu. Wananchi wana sura ya kucheka na sura ya kununa, lakini hawana mdomo wa kusema sababu.

Kijiji cha Tanzania hakiendeshwi hivyo kisheria. Kina mkutano mkuu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Mkutano huo unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo mapato na matumizi yanasomwa. Hapo mama anaweza kusimama na kumuuliza mtendaji fedha za bomba zimeishia wapi, na mtendaji anapaswa kujibu mbele za watu. Ni kazi ya polepole. Mvua inanyesha katikati ya ajenda, mzee mmoja anazungumza saa nzima, na wengine wanaondoka kuwahi ng'ombe. Lakini hapo ndipo furaha ya wananchi inapopata maneno.

Wapo waliojaribu kuirudisha sauti hiyo ndani ya gemu. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, liliungana na Mojang, kampuni ya Sweden iliyotengeneza Minecraft. Mpango wao uliitwa Block by Block. Kibera, jijini Nairobi, ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kufikiwa. Walichotaka wakazi kilikuwa kupanga upya eneo la wazi la michezo.

Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Eneo halisi linachorwa ndani ya Minecraft, kwa matofali yale yale ambayo mtoto wa darasa la nne anayajua. Wakazi wanakaa kwa makundi kwenye kompyuta. Kijana anashika kipanya, mama wa jirani anamwambia taa ikae wapi ili binti apite salama usiku, mzee anasema maji ya mvua hupita upande gani. Wanabishana, wanabomoa, wanajenga tena. Mwisho wanauonyesha mpango wao kwa viongozi na wataalamu. Mtu asiyejua kusoma ramani ya mhandisi anaweza kuona, kwenye kioo, kwamba ngazi imewekwa mahali pabaya.

Gemu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba walioulizwa ni wanaoishi pale. Nyumbani, mzazi anaweza kufanya hivyo bila kompyuta na bila shirika. Anahitaji kuuliza tu.

Gharama isiyoandikwa kwenye kioo

Hayo yote hayaondoi tahadhari. Katika nyumba nyingi za vijijini simu ni moja, na ndiyo hiyo inayopokea fedha za kahawa na taarifa za mgonjwa. Chaji ikiisha saa mbili usiku kwa ajili ya uwanja wa ndege wa kwenye kioo, nyumba nzima imekatika mawasiliano.

Gemu nyingi za bure nazo si za bure kabisa. Jengo linaambiwa litakamilika baada ya saa nane, isipokuwa ukilipa likamilike sasa hivi. Mtoto anafundishwa kuona kusubiri kama adhabu. Kama simu imeunganishwa na njia yoyote ya malipo, weka neno la siri kwa kila ununuzi, na neno hilo lisiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto mwenyewe.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu anashindwa kujizuia, gemu inatangulia mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea hata baada ya kuona madhara. Kwa kawaida hali hiyo huangaliwa kwa muda wa miezi 12 kabla ya kuitwa ugonjwa. Kwa hiyo mtoto aliyechelewa kuchota maji jana si mraibu. Lakini mtoto aliyeacha mpira, marafiki na usingizi kwa miezi mingi anahitaji msaada, si fimbo.

Mambo matano ya kufanya wiki hii

Kwanza, kaa naye dakika 15. Usishike simu. Mwambie akutembeze mjini kwake kama mgeni. Mtoto anayeeleza anafikiri zaidi kuliko mtoto anayebonyeza.

Pili, muulize maswali ya mwenyeji: Maji yanatoka wapi? Taka zinakwenda wapi? Kiwanda kiko upande gani wa upepo? Mgonjwa akizidiwa usiku anapita njia gani? Mama mjamzito je?

Tatu, akitaka kubomoa, mwambie asubiri. Amtaje kwanza mtu atakayeumia. Hata kama ni wa kubuni, mtu mwenye jina hafutiki kirahisi.

Nne, mtoe nje. Siku ya gulio, tembea naye mpe daftari. Ahesabu vibanda, vyoo, bomba za maji na mahali bodaboda zinapopaki. Kisha muulize: wewe ungekuwa mwenyekiti, fedha ikitosha kitu kimoja tu, ungeanza na nini? Muhimu ni sababu atakayoitoa kuliko jibu lenyewe.

Tano, mkutano wa kijiji ukiitishwa, mchukue akakae pembeni asikilize. Hana kura, lakini ana masikio. Aone kwamba watu wakichukia wanasimama na kusema, na kwamba kiongozi mzuri anaandika wanachosema.

Kurudi kizingitini

Mtoto wa Kimuli, katika mfano ule, hakuupata uwanja wake wa ndege. Alishusha kodi, akatandika mabomba mtaa ule wa pembeni, na fedha zikabaki chache. Watu hawakurudi mara moja. Gemu hizi nazo zinajua kwamba aliyehama kwa hasira harudi siku ambayo bomba limefunguliwa.

"Mama, wamebaki 2,900," anasema.

"Waliobaki wanasemaje?"

"Hawasemi. Wanacheka tu."

"Basi kesho twende wote kisimani," mama anamwambia akinyoosha mkono kuchukua simu. "Wa huko wanasema. Na ndoo ya pili utaibeba wewe, mheshimiwa meya."